Nani Anapuliza?

Mama mmoja aliinuka kwenye meza za upande wa bibi harusi akiwa na noti ya elfu kumi mkononi. Alikuja akicheza, taratibu, kama wanavyokuja watu wanaotaka kutunza. Wakati huo nilikuwa katikati ya kipande cha tarumbeta. Akanipita. Akampita mpiga besi, akampita na mwimbaji wetu, ambaye alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa tayari kupokea, akafika nyuma ya spika kubwa na kuchungulia. Kisha akarudi, akaniinamia sikioni: "Mwanangu, yuko wapi huyo mpuliza tarumbeta?"

Mikono yangu ilikuwa kazini, nikamwonyesha gitaa kwa kidevu. Hakuelewa. Nikaacha kupiga kidogo, na tarumbeta nalo likanyamaza. Nikagusa uzi, likalia. Mama akacheka kwa sauti iliyoshinda spika, akaipachika ile noti kichwani mwa gitaa, pale nyuzi zinapokazwa, akarudi mezani kuwasimulia wenzake. Usiku ule nilitunzwa shilingi elfu arobaini na tano, zote katika vipande vya tarumbeta. Nimepiga gitaa la kawaida kwenye harusi kwa miaka sita na sijawahi kupata hata nusu ya hizo kwa usiku mmoja. Nikiwa kwenye daladala asubuhi, nikizihesabu upya, ndipo swali la yule mama liliponirudia, safari hii likiwa na mkia: yuko wapi, na hizi ni zake au zangu?

Nieleze kwanza kinachotokea, maana wengi hudhani kuna kanda inayocheza mahali fulani na mimi nazuga tu. Gitaa la umeme lina pikapu (si ile ya kubeba mizigo): sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, inayogeuza mtetemo wa uzi wa chuma kuwa umeme. Pikapu ya kawaida husikia nyuzi zote sita kwa pamoja, kama mtu anayesikiliza kwaya akiwa nje ya kanisa. Kwa kazi hii hutumika pikapu nyingine, nyembamba kama penseli, inayobanwa karibu na daraja na yenye masikio sita, moja kwa kila uzi. Kila uzi unasafiri peke yake hadi kwenye kisanduku au kompyuta. Huko mashine inapima uzi umetetema mara ngapi kwa sekunde, inaamua hiyo ni noti gani, kisha inaiamuru sinthesaiza ipige noti hiyo hiyo kwa sauti niliyoichagua: filimbi, fidla, kinanda cha kanisa, tarumbeta, au mlio ambao haujawahi kutoka kwenye kitu chochote duniani. Amri hizo huenda kwa lugha iitwayo MIDI, ambayo vyombo vya kampuni mbalimbali vimekuwa vikizungumziana tangu 1983. Ndani ya lugha hiyo hamna sauti hata kidogo. Mna maagizo tu: noti hii, nguvu kiasi hiki, anza, panda kidogo, acha.

Kuna jambo moja katika utaratibu huu ambalo nalipenda kuliko yote. Uzi mnene kuliko wote, ukiachwa wazi, hutetema mara 82 hivi kwa sekunde, yaani mtetemo mmoja huchukua kama milisekunde 12. Mashine haiwezi kujua ni noti gani mpaka ione angalau mtetemo mmoja mzima, na mara nyingi inasubiri wa pili ili iwe na uhakika. Uzi mwembamba hutetema mara 330, hivyo unajulikana baada ya milisekunde 3. Sasa, milisekunde 12 ni muda ambao sauti huutumia kutembea mita nne hewani. Kwa hiyo nikipiga chini, ni kana kwamba mpulizaji wangu amesimama mita nne kutoka nilipo. Nikipanda juu ananisogelea hadi tukakaribia kugusana mabega. Mwenyewe nilihitaji miezi kuzoea kutembea na mtu huyo. Na hana huruma. Kidole kikiteleza na kugusa uzi jirani, gitaa la kawaida hukusamehe, kelele ile inapotelea ndani ya nyingine. Mashine hupokea kosa hilo kama amri. Inatoa tarumbeta la pili, kali, kwa noti isiyohusiana na wimbo, mbele ya mchungaji na wakwe. Imenitokea.

Bendi yetu hupiga kwenye harusi, sendoff na mikutano ya vikoba hapa Dar es Salaam. Kabla sijajiunga ilikuwa na wapulizaji watatu: matarumbeta mawili na saksafoni. Nilipofika nilimkuta mmoja tu, mpuliza tarumbeta ambaye wote tulimwita Mzee, aliyeanza kupuliza kwenye bendi za dansi enzi ambazo bendi bila wapulizaji ilionekana kama pilau bila nyama. Nilipoleta kisanduku changu, kiongozi wa bendi alikisikiliza kama dakika tano. Nikamwona anapiga hesabu: nauli ya mtu mmoja, posho ya mtu mmoja, sahani moja ya chakula, nafasi moja kwenye Hiace. Mzee hakufukuzwa. Aliacha tu kupigiwa simu, na kwa wanamuziki ndivyo mtu anavyofukuzwa.

Nilipoanza kusumbuka, mpiga kinanda wetu alinipa utetezi, na ulikuwa utetezi mzuri. Kwanza alinikumbusha kinanda chenyewe kimefanya nini: taarabu ya kisasa imeweza kupanda jukwaani bila safu ya fidla na bila kanuni kwa sababu yeye na wenzake wanazo zote chini ya vidole, na hakuna anayewazuia kulala. Kisha akasema gitaa lenyewe, tangu lije kwetu, limekuwa likiigiza. Wapiga benga wa Kijaluo walihamishia kwenye gitaa mwendo wa nyatiti, chombo chenye nyuzi nane kilichokuwepo kabla yao. Kule Zimbabwe, wapiga gitaa waliokuwa na Thomas Mapfumo walibana nyuzi kwa kiganja ili zilie kikavu, zikimfuata mpiga mbira noti kwa noti. "Hao nao walidanganya?" akauliza. "Au wewe tu ndiye una dhamira?"

Nilikaa na utetezi huo wiki kadhaa na ulinifaa, mpaka nilipojaribu kupiga hayo mambo mwenyewe. Nilichukua rekodi za benga na kujifunza polepole. Kidole gumba kinakataa. Vidole vingine vinachanganyikiwa. Baada ya mwezi nilikuwa na vipande viwili, na havikuwa nyatiti; vilikuwa gitaa lililokwenda shule ya nyatiti. Huyo mpiga benga wa kwanza hakuchukua mlio wa mtu. Alichukua mwendo, na aliulipia kwa vidole vyake, na mwishoni kilichotoka kilikuwa kitu cha tatu ambacho hata mpiga nyatiti asingeweza kukidai chote. Sisemi hakuna mpiga nyatiti aliyekosa mwaliko kwa ajili ya gitaa. Nasema tu kwamba aliyemwigiza alilazimika kwanza kumsikiliza kwa muda mrefu. Mimi sikumsikiliza Mzee. Nilizungusha kitufe.

Na hata kwenye sinthesaiza, kitufe si lazima kiwe hivyo. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa kisanduku cha bluu cha kuwekwa sakafuni, GR-300, kikiwa na gitaa lake maalumu. Ndani yake hamkuwa na sauti iliyorekodiwa hata moja. Kila uzi ulikuwa na mtambo wake wa kuzalisha sauti, uliokimbizana na mtetemo wa uzi huo papo kwa papo. Ukivuta uzi, sauti inavutika. Ukiutikisa kidole, inatikisika nawe. Robert Fripp na Adrian Belew walikitumia King Crimson, lakini aliyekifanya kiwe sauti yake ni Mmarekani Pat Metheny. Msikilize kwenye albamu ya Offramp ya mwaka 1982, katika "Are You Going With Me?", pale gitaa linapopanda na kuendelea kupanda. Mara ya kwanza nilidhani ni tarumbeta. Mara ya pili nikajua si tarumbeta, wala si gitaa, na sikuwa na jina la kukiita. Kinalia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

Baadaye nilisoma kwamba Metheny alianza muziki akiwa na miaka minane kwa kupuliza tarumbeta, akahamia gitaa akiwa na kumi na miwili, na kwamba kaka yake, Mike, ni mpuliza tarumbeta wa kazi. Nilipolijua hilo, kile kilio kilinipata upya. Huyu hakuazima pumzi ya mtu. Alikuwa na deni la utotoni kwa chombo alichokiacha, na aliposhika mashine inayoweza kushikilia noti ndefu, ambayo gitaa la kawaida haliwezi kwa kuwa uzi hufa baada ya kuguswa, alikwenda nayo moja kwa moja kwenye deni hilo. Sijui kama yeye angelisema hivyo. Mimi nasikia hivyo.

Sauti niliyoipiga harusini ilikuwa kitu kingine. Ni sampuli: mtu halisi, kwenye studio fulani, alipuliza noti moja, wakairekodi, akapuliza ya pili, kisha zote tena kwa nguvu ya kati, kisha zote kwa nguvu zote. Mashine yangu inapoagizwa, inamchukua kipande anachofaa na kumtoa. Jina lake halikuandikwa popote kwenye kifurushi nilichonunua. Nimejaribu kumwazia. Nadhani alikuwa amechoka, kwa sababu kuna noti moja, katikati ya ngazi, ambayo kila ikigongwa kwa nguvu ina mkwaruzo mdogo mwanzoni, kama mdomo uliokauka. Nimeipiga noti hiyo kwenye harusi ishirini na kitu. Kila mara, mdomo ule ule unakauka mahali pale pale.

Watu wa rika langu wakijadili mambo haya hukimbilia swali la uhalisi: je, ni muziki wa kweli au bandia? Sioni kama swali hilo linatufikisha mbali. Yule mama hakudanganyika kwa zaidi ya nusu dakika, na alipojua ukweli alifurahi zaidi. Kama kulikuwa na uongo, ulikuwa wa kiinimacho, ambao mtazamaji anaulipia kwa hiari. Yeye hakuuliza "ni kweli?" Aliuliza "yuko wapi?" Sauti ya tarumbeta ilimfanya aamini kuna mtu anayetoa jasho mahali fulani, na akatoka na hela kumtafuta, kwa sababu tumelelewa hivyo: mtu akikupa raha kwa nguvu zake, unainuka unamfuata. Kisanduku changu kiliacha adabu hiyo ikiwa haina pa kutua. Ikatua kwangu, ambaye jasho langu lilikuwa la aina nyingine.

Mwaka 1982, tawi moja la chama cha wanamuziki cha Uingereza, la London ya Kati, lilipitisha hoja ya kutaka sinthesaiza zipigwe marufuku kwa kuwa zinakula kazi za watu. Marufuku haikuja, na leo habari hiyo husimuliwa kama kichekesho: wazee waliotaka kuzuia mvua kwa mikono. Nilikuwa nacheka na mimi. Sasa sicheki sana. Njia yao ilikuwa mbovu. Wangefanikiwa, tungepoteza mengi, na ile kazi ya Metheny, ya mwaka huo huo, ingekuwa miongoni mwa vitu vya kuogopwa. Lakini walikuwa wanahesabu watu, na sisi tunaocheka tunahesabu sauti. Nikiulizwa bendi yetu imepungukiwa na nini tangu kisanduku kije, nitasema haijapungukiwa na kitu, tena imeongezeka: tarumbeta, fidla, filimbi. Mke wa Mzee akiulizwa swali hilo hilo atajibu kwa idadi nyingine.

Nilikwenda kwake Mbagala Jumapili moja na zile elfu arobaini na tano kwenye bahasha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja na kazi au umekuja kunisalimia?"

Nikampa bahasha, nikaeleza ni za kutunzwa, za vipande vya tarumbeta. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumbembeleza atakapokataa, kwa sababu kwenye hadithi wazee hukataa. Akazihesabu, akatia mfukoni, akamwita mjukuu akalete soda. Hadithi zimetuharibu.

Kisha akataka kusikia. Nilikuwa na rekodi ya harusi ile kwenye simu. Aliiweka sikioni, akasikiliza kipande chote, akaniambia nirudie. Nilitegemea aseme mlio si mlio, kwamba mashine haina roho, yale yanayosemwa. Akasema: "Hupumui."

Sikuelewa. Akairudisha rekodi mwanzo na kuanza kuhesabu kwa kidole kwenye goti. Sentensi yangu moja ilikuwa ndefu kuliko kifua cha mtu yeyote. "Hapa ningekuwa nimevuta hewa. Hapa tena. Hapa," akacheka, "hapa wangekuwa wananimwagia maji." Akaenda ndani akaleta tarumbeta, limefungwa kwenye taulo, akapuliza kipande hicho hicho kwa sauti ya chini ili asisumbue majirani. Alikuwa ameondoa noti karibu theluthi. Kabla ya kupanda juu alinyamaza, nusu ya kipigo tu, na ndani ya kimya hicho nikasikia kifua kikijaa, na ile noti ya juu ilipokuja ilikuwa na sababu ya kuja. Kwangu noti ya juu ni safari ya sentimita tatu kwenye shingo ya gitaa. Kwake ni mdomo, na mdomo una akiba ya usiku mmoja tu. Ukiitumia yote kwenye wimbo wa tatu, maharusi watafungua muziki bila wewe.

Nilirudi kwake Jumapili tatu mfululizo. Alinifundisha mahali pa kuvuta hewa, noti za kuziogopa, namna ya kuishusha sentensi kabla haijakushusha yenyewe. Nikaanza kupumua nikiwa jukwaani, kweli, kwa mapafu, mdomo ukiwa umefungwa juu ya kitu kisichokuwepo, na kuruhusu vidole vifuate. Harusi iliyofuata fundi mitambo aliniuliza kama nimebadilisha programu. Nilifurahi kama mtoto, na nikiwa kwenye Hiace, nimekaa kwenye kiti kilichokuwa chake, furaha ikaniishia. Mwanzo nilikuwa nimechukua kazi yake. Sasa nilikuwa na kazi yake pamoja na pumzi yake, na alinipa mwenyewe, kwa soda.

Ndipo nikapata wazo nililoliona la haki. Nilimwambia: nitakuja na maikrofoni, nikurekodi wewe, noti moja moja, polepole, kati, nguvu. Jukwaani iwe sauti yako badala ya ya mtu nisiyemjua. Kila shoo, nusu ya changu iwe yako. Tuandikishiane kabisa.

Mzee alikuwa anafuta tarumbeta kwa pindo la shati. Hakuacha kufuta.

"Ukishanirekodi, utaniita tena?"

"Kwenye shoo?"

"Kwenye shoo."

Nikasema gari lina nafasi chache, lakini hela itafika kila mara, bila yeye kuhangaika na usiku na baridi.

"Na nikifa? Utaendelea kunipuliza?"

Nikaanza kueleza kwamba fedha zitakwenda kwa binti yake, kwamba tunaweza kuliandika hilo pia.

"Sijauliza hela," akasema.

Jumamosi ijayo tuna harusi Kigamboni. Nilimwomba kiongozi wa bendi nafasi moja ya ziada. Amesema ipo, ila posho ya Mzee itoke kwenye yangu. Na kama Mzee anakuja, akaniuliza, hicho kisanduku unakibeba cha nini? Sijamjibu. Maikrofoni nimekwisha kuiazima, iko kwenye begi moja na kisanduku.